Mtoto wa Ngamiani kusoma Ujerumani: maswali mnayoniuliza kila wiki

Tangu nije huku kila wiki napata meseji za wadogo zangu wa Tanga, wengine siwajui kabisa wamepewa namba na mtu, na maswali ni yale yale, kwahiyo nimekaa wikiendi hii nikayajibu yote sehemu moja. Mimi ni wa Ngamiani, barabara ya 15, mamaangu anauza vitumbua pale pale nje kwetu. Nimesoma misitu chuo cha SUA Morogoro, nikafanya kazi miaka miwili upande wa Muheza, na sasa nipo mwaka wa pili wa masters Tharandt, kamji kadogo ndani ya bonde, kama dakika 20 kwa treni kutoka Dresden ambako ndo ninakoishi. Misitu inafundishwa Tharandt tangu 1811, yaani kabla hata ya reli ya kwetu ya Usambara kwa zaidi ya miaka themanini.

Dada hiyo skolashipu uliipataje, kuna mtu unamjua?

Sikumjua mtu. Ni DAAD, lile shirika la Wajerumani la kubadilishana wanafunzi, na mpango wangu unaitwa EPOS, ni kwa watu wanaotoka nchi kama zetu ambao tayari wana digrii na wamefanya kazi angalau miaka miwili. Hiyo miaka miwili wengi mnairuka mnaniuliza kama field inahesabiwa, haihesabiwi, wanataka kazi baada ya digrii. Na digrii isiwe imepita miaka sita. Unaangalia orodha ya kozi zao, unachagua inayoendana na ulichosoma na unachofanya, unaomba moja kwa moja kwa kozi husika, na kila kozi ina tarehe yake ya mwisho, nyingi zinaangukia kati ya Agosti na Desemba ya mwaka wa kabla.

Barua ya kueleza kwanini unataka kusoma ndo inayokubeba. Yangu ya kwanza niliandika napenda mazingira tangu utotoni, nikakataliwa. Mwaka uliofuata niliandika kijiji kimoja, mlima mmoja, watu wanakata miti gani na wanaipeleka wapi na mimi nilishindwa kufanya nini kwasababu sikuwa na ujuzi gani. Nikapata. Andika kitu unachokijua kwa macho yako.

Kuna ajenti anataka milioni mbili anitafutie hiyo nafasi, nimpe?

Usimpe. Kuomba EPOS ni bure.

Na mimi ambaye sina skolashipu?

Inawezekana ila hela uione mapema. Vyuo vingi vya serikali huku havitozi ada hata kwa mgeni, unalipa mchango wa semista tu, ila jimbo la Baden-Württemberg wanatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila semista tangu 2017, kwahiyo soma vizuri kabla hujafurahi. Ukiomba kupitia uni-assist, ofisi inayopokea maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo vingi, chaguo la kwanza ni euro 75 na kila la ziada 30. Mlima wenyewe upo kwenye visa, wanataka uoneshe euro 11,904 kwenye akaunti maalum inaitwa Sperrkonto, ambayo ukishafika unatolewa 992 tu kwa mwezi, huwezi kuchota zote. Hiyo ni zaidi ya milioni 30 za kwetu. Najua familia iliyouza kiwanja kwa ajili hiyo, na sitaki kukwambia uza au usiuze, nakwambia tu kaeni kikao na wazazi mkiwa na namba kamili mezani. Ongeza bima ya afya, ya mwanafunzi inazidi euro 140 kwa mwezi, hiyo watu wengi huisahau kwenye hesabu.

Kufanya kazi unaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280. Ila miezi ya kwanza usiitegemee, bila Kijerumani kazi ni ngumu kupata.

Pasipoti na visa vinachukua muda gani?

Anza na pasipoti hata kabla hujaomba chuo, ni shilingi 150,000 na bila namba ya NIDA huendi popote. Visa unaombea ubalozi wa Ujerumani Dar, ada ni euro 75 ila wenye skolashipu kama yangu hawalipi. Kupata tarehe ya kuonana nao ndo kunakula muda. Kila cheti kiwe na kopi zilizothibitishwa na mwanasheria, mimi nilirudishwa kwa karatasi moja tu na basi la Dar kwenda na kurudi nikalipanda mara mbili.

Ukifika tu ndani ya wiki mbili unatakiwa kujiandikisha unapoishi, inaitwa Anmeldung. Bila hiyo karatasi karibu kila kitu kingine kinakwama.

Lazima nijue Kijerumani kama kozi ni ya Kiingereza?

Darasani hapana, maishani ndio. DAAD walinilipia miezi minne ya lugha Leipzig kabla ya masomo na nashukuru kila siku. Sisi wa Tanga tunaanza na mtaji kidogo, neno shule ni lao, Schule, na hela imetoka kwenye Heller, ile sarafu ya mkoloni, tangu 1904 rupia moja ilikuwa heller 100. Huku Heller yenyewe haipo tena, ila nikisema hilo neno mbele ya wazee wanashtuka, wanataka niwaelezee.

Kitu kilichoniumiza ni saa. Wakisema halb drei, masikio yanasikia nusu na tatu, ukadhani ni tatu na nusu. Kumbe ni nusu ya kuiendea tatu, yaani kwa saa zetu saa nane na nusu mchana. Na mimi nilikuwa natafsiri mara mbili, kutoka kwao kwenda saa za dunia halafu kwenda saa za Kiswahili, nikafika ofisi ya wageni saa nzima baadaye, yule mama akaniangalia akaonesha ukutani. Tarehe mpya nilipewa baada ya wiki tano. Siku hizi naandika namba kwenye karatasi namuonesha mtu, so? yaani hivi? Hakuna aliyewahi kukasirika.

Euro 992 kwa mwezi si hela nyingi hizo? Mbona mnalalamika?

Hapa nitakaa kidogo. Skolashipu yangu nayo ni hizo hizo 992.

Ukizidisha unapata zaidi ya milioni mbili na nusu, na kila mtu mtaani alizidisha kabla mimi sijapanda ndege. Ila hakuna aliyetoa. Chumba changu cha hosteli ni euro 310 pamoja na umeme na intaneti. Chakula kama 220 ukijipikia kila siku. Kuna ada ya redio na televisheni 18.36 kwa kila nyumba kila mwezi, uwe na tivii usiwe nayo. Simu, mchango wa semista ambao ndani yake ndo kuna tiketi ya treni, viatu, vitabu, dawa za meno. Kinachobaki kipo, sidanganyi, skolashipu ni nzuri na bima wanalipa wao. Lakini kinachobaki sio milioni mbili na nusu.

Mwaka wangu wa kwanza hosteli ya Dresden ilichelewa, nikatafuta chumba mtandaoni. Mtu mmoja akanitumia picha nzuri, mkataba una mhuri, akasema yupo nje ya nchi, nimtumie euro 400 za dhamana atanitumia funguo kwa posta. Nilituma. Funguo hazikuja mpaka leo. Wadogo zangu, nisikilizeni hapa, usimtumie mtu hela ya chumba ambacho wewe au rafiki yako hajaingia kwa miguu yake. Hata kama picha ni nzuri. Hata kama anaandika Kiingereza kizuri na anakuita dear.

Na mwezi ule ule mdogo wangu alikuwa anaolewa. Kwenye grupu la WhatsApp la kamati jina langu liliwekwa laki tano, sikuulizwa, na pembeni yake mjomba akaandika huyu yuko Ulaya hii kwake ni soda. Ningeweza kusema nimetapeliwa. Sikusema. Nikatuma laki tano.

Kwahiyo Novemba nzima nilikula wali na yai, jioni wali bila yai. Huku chupa nyingi za plastiki zina dhamana ya senti 25, unairudisha kwenye mashine dukani inakupa risiti, na korido letu la hosteli wanafunzi huziacha kwenye maboksi. Nilikuwa nazikusanya usiku wakishalala. Chupa kumi na mbili ni euro tatu, euro tatu ni mchele kilo moja na mayai. Ipo siku nimesimama mbele ya ile mashine, inameza chupa moja moja inazisaga, simu ikaita, mama. Mwanangu umekula? Nimekula mama, wali kuku. Akasema alhamdulillah, na kwa sauti yake nilijua amefurahi kweli.

Ndo maana nikiulizwa inatosha nasema inatosha, kama ukisema ukweli nyumbani tangu mwezi wa kwanza. Uongo ndo uliokuwa unanilia hela.

Baridi inavumilika?

Inavumilika. Jaketi nunua huku, za mtumba zipo nyingi na ni nzuri, ya Tanga haitoshi hata ikiwa nzito vipi. Viatu visivyopitisha maji ni muhimu kuliko jaketi.

Giza ndo sikuambiwa. Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limezama, na hapo katikati mara nyingi ni mawingu tu. Sisi tumekua jua linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, mwili unaujua huo mpango. Wiki ya tatu ya Desemba nilikuwa naamka naona giza nalala tena nikadhani ni uvivu wangu, kumbe hata wao wenyewe wanaugua hiyo hali na daktari analijua jina lake. Toka nje mchana hata dakika ishirini, hata kama huoni jua.

Sisi waislamu inakuwaje, sala na mfungo?

Desemba adhuhuri ni kama saa sita na robo, alasiri kuelekea saa nane, magharibi saa kumi. Sala tatu ndani ya saa nne na katikati una vipindi. Juni inageuka, magharibi ni saa tatu usiku na zaidi, na alfajiri inaingia kabla hata ya saa tisa, kwahiyo kulala ni kwa vipande. Nilimwambia mwalimu wangu nahitaji dakika kumi akanipa ufunguo wa chumba cha vitabu, hakuuliza zaidi ya hapo. Ramadhani yangu ya kwanza ilikuwa Machi 2025 na saa za kufunga zilikaribiana sana na za Tanga, hiyo ilikuwa bahati. Ugumu ulikuwa futari ya mtu mmoja. Siku ya nne nikagonga mlango wa msichana wa Sudan ghorofa ya juu, tukafuturu pamoja mpaka mwisho.

Nibebe nini kutoka nyumbani?

Nyama na maziwa usibebe, mpakani vinachukuliwa. Samaki wakavu wanaruhusiwa, mama alinifungia ng'onda na dagaa wa Mgandini kwenye magazeti matatu na mfuko juu yake na bado begi lilinukia, mimi nililipenda lile begi miezi sita. Beba iliki, mdalasini, pilipili manga, beba kanga mbili tatu. Unga wa sembe na maharage utapata kwenye maduka ya Waafrika na ya Waarabu, nazi ya kopo ipo kila duka. Machungwa ya huku yana rangi ya chungwa kama kwenye picha za vitabu, ladha yake ikilinganishwa na lile la kijani la Muheza bora ninyamaze.

Masomo ni magumu kuliko ya kwetu?

Sio magumu, ni tofauti. Alama ya juu ni 1.0 na ya kufeli ni 5.0, kama divisheni ya kwanza vile kwahiyo hiyo tunaielewa haraka. Mtihani lazima ujiandikishe mwenyewe kwenye mfumo, hakuna mtu atakukumbusha, ukisahau hufanyi. Na kwenye vyuo vingine huku vipindi vinaanza robo saa baada ya muda ulioandikwa, ila sio vyote, angalia.

Kilichonisumbua ni kubishana na mwalimu. Mimi nimelelewa mkubwa akisema umenyamaza, na semista ya kwanza prof wetu alionesha ramani ya misitu ya Usambara Mashariki, akasema eneo fulani hakuna watu. Nimefanya kazi pale. Nawajua wale watu, nimekula mihogo kwao. Nikanyamaza, moyo unadunda mpaka kipindi kikaisha. Wiki iliyofuata nikamfuata ofisini, shikamoo haipo huku nikaanza na samahani, nikamweleza. Akachukua kalamu akasema andika, niandikie majina ya vitongoji. Na kipindi kilichofuata akasema mbele ya darasa kwamba alikosea na akanitaja mimi. Tangu hapo sijanyamaza tena.

Ubaguzi upo? Nimesikia Dresden ni hatari.

Upo. Nimewahi kuambiwa maneno kwenye tramu kwasababu ya hijabu, na abiria wengine wakaangalia dirishani, isipokuwa bibi mmoja aliyehama kiti akaja kukaa pembeni yangu mpaka nishuke. Dresden kuna uwanja unaitwa Jorge-Gomondai-Platz, ni jina la kijana wa Msumbiji aliyekuja kufanya kazi huku, akashambuliwa kwenye tramu 1991 akafariki. Kila nikipita pale nasoma Fatiha japo sijui dini yake. Siku nyingi ninaishi kwa amani kabisa, lakini usiku wa manane peke yangu situlii vituoni, na siku za maandamano naangalia kwanza ni ya nani na yanapita wapi. Namba ya polisi ni 110. Usije ukiwa na hofu, ila njoo ukiwa unajua.

Wajerumani hawana marafiki, ni kweli?

Wanachelewa tu. Kuna mzee msimamizi wa jengo letu, miezi mitatu tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa. Januari nilienda kuchukua kifurushi ofisini kwake nikaona dirishani kopo la maua ya zambarau, majani manene yana manyoya kama kitambaa. Nikasimama. Hayo nimeyaona kwenye mawe ya kivulini kule Amani, Muheza, karibu na maji, nimeyapiga picha nikiwa kazini. Nikamuuliza kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, hili ni ua gani? Akasema Usambaraveilchen. Usambara! Nikamwambia Usambara ni kwetu, ni mlima, mimi nimetokea pale. Hakuniamini mpaka nilipomuonesha picha kwenye simu.

Bwana mkubwa wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, Saint Paul-Illaire, ndo aliyeyatuma huku 1892, na mwaka uliofuata wataalamu wakayapa jina lake, Saintpaulia. Leo yapo kwenye madirisha ya mabibi Ulaya nzima, huku kwetu porini baadhi ya aina zipo hatarini kwasababu ya kivuli kukatwa. Mzee alinyamaza akanipa jani moja, akanionesha jinsi ya kulichomeka kwenye udongo mbichi. Hivi unaotesha kwa jani. Limeshika. Na yeye sasa kila Jumatatu ananiuliza hali ya mama.

Upweke uliushindaje? Na kwa mama ulisemaje mwisho?

Sijaushinda, unakuja na kuondoka. Chuo kina ofisi ya ushauri, ni bure na ni siri, mimi nilienda Februari na yule dada aliniuliza swali moja tu lililonikaa, nyumbani nani anajua? Nikasema hakuna.

Usiku ule nikampigia mama. Nikamwambia zile hela zilizopotea, ile laki tano, chupa, wali. Nilitegemea kulia au kugombezwa. Akanyamaza kwa muda mrefu nikadhani mtandao umekata, halafu akasema na mimi mwanangu nina langu. Kumbe tangu Desemba mguu wake ulikuwa umevimba, hajauza vitumbua wiki saba, majirani ndo walikuwa wanamletea chakula, na kila nilipopiga alikuwa anatoka uani asogee barabarani ili nisikie makelele ya wateja wa duka la pembeni nidhani yupo kazini.

Hospitali alienda wiki ile ile. Mjomba nilimwandikia mwenyewe, nikamtumia mchanganuo wa mwezi mzima, kodi mpaka dawa ya meno. Akajibu baada ya siku mbili, samahani mwanangu, sikujua. Tangu hapo kwenye michango naulizwa kwanza.

Mama anaendeleaje sasa?

Mguu umepona, anauza asubuhi tu, jioni anapumzika. Wakati wa baridi tunatofautiana saa mbili na wakati wa joto saa moja, kwahiyo Jumapili akimaliza isha kule ananipigia kwa video, na hanisalimii kabla hajaniambia geuza simu nione sahani. Na mimi namwambia geuza yako.